Maiki Ipi Ifunguke? Mantiki ya Kuchagua Sauti Ukumbini

Tarehe 3 Novemba 2011 viongozi wa nchi za G20 walikuwa Cannes, kusini mwa Ufaransa. Kabla ya kuonana na waandishi wa habari, Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa na Rais Barack Obama wa Marekani walijitenga kwa mazungumzo ya faragha. Waandishi walikuwa wamekwisha kupewa vile visanduku vidogo vya kusikilizia tafsiri, ila wakaambiwa hedifoni watapewa baadaye, marais wakishamaliza. Baadhi yao walikuwa na hedifoni zao mfukoni. Wakachomeka. Wakamsikia Sarkozy akimwita Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, mwongo, na Obama akimjibu kwamba yeye analazimika kushughulika naye kila siku. Haikupita wiki, dunia nzima ikawa inajua.

Hakuna mtambo ulioharibika siku ile. Maiki za chumba cha marais zilipeleka sauti kwenye njia ya wakalimani, na njia hiyo ikafika kwenye visanduku. Kila kifaa kilitii jinsi kilivyopangwa. Kilichokosekana ni sharti moja katikati ya safari hiyo: sauti ya chumba hiki isitoke nje mpaka mtu fulani aseme itoke. Kwa kukosa sharti hilo, siri ya marais wawili ilikuwa imetundikwa kwenye waya wa hedifoni.

Mhadhara huu unahusu masharti ya namna hiyo. Siku hizi yanapangwa ndani ya programu za kuchakata sauti, na yanaamua maiki ipi ifunguke, lini, kwa amri ya nani, na sauti yake ifike wapi. Kwa kawaida kazi hiyo huachiwa fundi peke yake, usiku wa kuamkia ufunguzi wa ukumbi. Hoja ya mhadhara ni kwamba kumwachia fundi peke yake ni kosa, kwa sababu kinachoamuliwa pale ni haki ya kusikika kabla hakijawa suala la umeme.

Msingi wa kazi yenyewe ni wa zamani kuliko maiki. Mwaka 1854 George Boole, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hisabati mjini Cork, Ireland, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba maneno kama NA, AU na SI yanaweza kufanyiwa hesabu kama namba. Wahandisi hawakulitilia maanani jambo hilo kwa miongo mingi. Mwaka 1937 kijana wa miaka 21, Claude Shannon, akaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika chuo cha MIT, Marekani, akithibitisha kwamba swichi na rilei za simu, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zinafuata hesabu ile ile. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja ni NA: lazima zote zifungwe ndipo umeme upite. Zikikaa sambamba ni AU: yoyote inatosha. Tangu hapo, sharti lolote ambalo mtu anaweza kulisema kwa sentensi iliyonyooka linaweza kujengwa kwa waya.

Kujengwa kwa waya, lakini, kulikuwa na gharama yake. Mwenyekiti akitaka kitufe kimoja zaidi mezani, fundi alilazimika kuchomelea rilei nyingine na kuvuta waya mwingine chini ya zulia. Mwaka 1993 kampuni ya Peavey ya Meridian, Mississippi, ilitoa MediaMatrix, mojawapo ya mifumo ya kwanza iliyomwezesha fundi kuchora mitambo yote ya ukumbi kwenye skrini ya kompyuta. Mifumo iliyofuata, kama Q-SYS ya QSC na Tesira ya Biamp, inafanya kazi kwa wazo hilo hilo. Kwenye skrini kuna visanduku na mistari ya aina mbili. Mstari wa sauti unabeba maneno. Mstari wa mantiki unabeba ndiyo au siyo tu, 1 au 0, na huo ndio unaoamuru mstari wa sauti upite au usipite. Fundi anaweza kuweka lango la NA, la AU au la SI kwa kulivuta kwa kipanya. Wepesi huo umeleta tatizo lake: sharti la kijinga sasa linajengwa kwa sekunde zile zile linazojengwa sharti la busara.

Msikilizaji anaweza kuuliza kwa nini maiki zote zisiachwe wazi, kila mtu azungumze anapotaka. Jibu ni la fizikia. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, ukumbi unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla spika hazijaanza kupiga ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Maiki 2 zinakula desibeli 3, maiki 4 zinakula 6, maiki 8 zinakula 9. Ukumbi wa madiwani wenye maiki 32 zote wazi umekwisha kupoteza desibeli 15, na fundi atashusha sauti mpaka mzee wa kiti cha nyuma asisikie kitu. Isitoshe, kila maiki iliyo wazi inakusanya feni, karatasi, kikohozi na mnong'ono wa jirani.

Dan Dugan wa San Francisco alikutana na tatizo hilo kwenye majukwaa ya maigizo, maiki zikiwa nyingi na mikono ya fundi ikiwa miwili. Jibu alilolipatia hataza mwaka 1976 halikuwa swichi hata kidogo. Kila maiki inapunguzwa kwa kiasi ambacho sauti yake imepungukiwa na jumla ya sauti za maiki zote. Akizungumza mmoja, maiki yake inapata nguvu yote. Wakizungumza wawili kwa sauti sawa, kila mmoja anashuka desibeli 3. Maiki zikiwa kumi na wote wakinyamaza, kila maiki inakaa chini kwa desibeli 10. Nguvu ya ukumbi mzima inabaki sawasawa na ya maiki moja, kama mtungi mmoja wa maji unaogawiwa wageni: wakiongezeka wageni vikombe vinapungua ujazo, mtungi hauongezeki.

Kampuni ya Shure ilipita njia nyingine mwaka 1983 kwa mfumo wake wa AMS. Maiki zake zilipima sauti inatoka upande gani, na zikafunguka kwa yule tu aliyekuwa mbele, ndani ya pembe ya nyuzi 120. Nyuma ya mashine zake kulikuwa na vituo vya waya vya mantiki: kimoja kilitangaza kwamba maiki fulani imefunguka, kingine kiliizima, kingine kiliipa kipaumbele. Yaani mashine ilikuwa tayari kupokea amri kutoka nje.

Na amri hizo zinahitajika, kwa kuwa mashine ya kuchanganya sauti inajua nguvu ya sauti tu. Haijui nani mwenyekiti. Ikiachiwa yenyewe, mwenye sauti kubwa ndiye atakayetawala kikao, jambo ambalo vikao vingi vinalifanya vyema bila msaada wa kompyuta.

Chukua baraza la madiwani, mfano ulio karibu na wengi. Taratibu zake zinasema diwani huomba nafasi, mwenyekiti humruhusu, na mwenyekiti anaweza kumkatiza wakati wowote. Sentensi hiyo ikitafsiriwa kwa mantiki inakuwa hivi: maiki ya diwani iwe wazi IKIWA amebonyeza kitufe NA ameruhusiwa, NA mwenyekiti HAJABONYEZA cha kipaumbele. Malango matatu yanatosha. Lakini hapo hapo maswali yanafumuka. Mwenyekiti akiachia kitufe chake, diwani aliyekatizwa arudi hewani mwenyewe au aombe upya? Madiwani wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, nani atangulie? Aliyeruhusiwa akatoka kwenda kupokea simu, maiki yake ibaki wazi kwa muda gani? Makamu akikalia kiti, kipaumbele kinahama naye au kinabaki mezani? Mifumo ya mikutano ina majibu yaliyotengenezwa tayari: upo mtindo wa foleni ya maombi, upo mtindo ambao anayebonyeza mwisho anamwondoa aliyetangulia, na upo ambao maiki inaamshwa na sauti yenyewe. Kuchagua mmoja kati ya mitindo hiyo ni kuandika kanuni ya kikao. Fundi akichagua kwa kubahatisha, ameandika kanuni ambayo hakuna mjumbe aliyeipigia kura.

Uzito wa jambo hilo unaonekana bungeni. Taarifa rasmi za Bunge la Tanzania zimejaa mabano yanayoeleza kwamba kengele imelia kuashiria muda wa mzungumzaji umekwisha. Katika taarifa za Bunge la Kenya ni kawaida kukuta mabano yanayosema mheshimiwa fulani alizungumza nje ya kumbukumbu. Mara nyingi maana yake ni nyepesi: maiki yake haikuwa imewashwa, kwa hiyo maneno aliyoyasema mbele ya wenzake hayapo katika historia. Sharti moja la NA limeamua nini wajukuu watasoma.

Makosa ya kupanga masharti haya yanafahamika, na baadhi yana kichekesho. La kwanza ni kitufe cha kugeuza, kile ambacho ukikibonyeza mara moja kinawasha na ukikibonyeza tena kinazima. Kwenye taa ya chumbani hakina neno. Lakini weka kitufe cha namna hiyo mezani kwa katibu, na kingine kwenye chumba cha fundi, vyote vikitawala maiki moja. Katibu anaona maiki imezimwa, anabonyeza awashe. Fundi naye ameona hivyo hivyo, anabonyeza. Maiki imewaka na kuzimika, na kila mmoja anaamini amefanya kazi yake. Dawa ni kutenganisha amri: kitufe cha WASHA kisijue kitu kingine ila kuwasha, na cha ZIMA vivyo hivyo. Wabonyeze mara kumi, matokeo ni yale yale.

La pili ni dogo kwa umbo na sumbufu kwa kazi. Swichi ya chuma inapofungwa, vipande vyake hudunda kwa sehemu chache za elfu za sekunde kabla havijatulia. Kidole kimebonyeza mara moja, kompyuta imehesabu mara tatu. Ikiwa sharti ni la kugeuza, maiki itakuwa wazi leo na imefungwa kesho kwa kidole kile kile. Programu nzuri zina kisanduku cha kuchelewesha kidogo mpaka mdundo utulie, ila lazima mtu akumbuke kukiweka.

La tatu ni taa, na hapa inafaa kutua kidogo. Maiki nyingi za mezani zina taa inayoashiria kwamba iko wazi. Swali ni taa hiyo inamsikiliza nani. Katika mpangilio mbovu inafuata kitufe: ukibonyeza inawaka nyekundu, hata kama huko kwenye kichakata sauti njia imezimwa na mwenyekiti. Mtu anahutubia dakika nzima akiitazama taa yake, ukumbi haumsikii. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: taa imezimika, sauti inaendelea kutoka. Ndiyo maana zimetengenezwa maiki za mantiki, kama MX392 ya Shure, ambazo kitufe chake kinaweza kupangwa kisikate sauti pale pale. Kinatuma ombi kwa waya wake, kichakata kinaamua, kisha kinarudisha jibu kwa waya mwingine unaowasha taa. Taa ya namna hiyo inaonyesha uamuzi uliofanyika. Kati ya mambo yote ya kuuliza wakati wa kupokea ukumbi mpya, hili ndilo la kwanza.

Gordon Brown angelifaidika na taa ya kweli. Tarehe 28 Aprili 2010, akiwa waziri mkuu wa Uingereza katika kampeni mjini Rochdale, aliingia kwenye gari akiwa bado amevaa maiki ya redio ya kituo cha televisheni, akamsema vibaya mpiga kura mwanamke aliyetoka kuzungumza naye. Maiki ilikuwa hewani. Siku hiyo hiyo alilazimika kwenda nyumbani kwa mama huyo kuomba radhi. Maiki za kuvaa zinamfuata mtu popote, na sharti lake linapaswa kuwa kali kuliko la maiki ya mezani: isisikike ila mvaaji yuko jukwaani NA mtu wa mitambo amekubali.

Nyumba za ibada zinalijua hili bila kusoma magazeti ya Uingereza. Khatibu amevaa maiki kifuani na mimbari ina maiki yake. Zote mbili zikiwa wazi, sauti moja inaingia kwa njia mbili. Sauti husafiri karibu sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mbali kidogo inachelewa kidogo, na zikichanganywa baadhi ya masafa yanafutana. Waumini wanasikia sauti ya kwenye bomba na kulaumu spika. Mantiki inaponya bila kununua chochote: ya kifuani ikiwa wazi, ya mimbari ifungwe, na adhana ikianza, kila kingine kinyamaze. Kanisani ni hivyo hivyo kati ya maiki ya mimbari, ya altare na ya mchungaji anayetembea, na kwaya isiachwe ikinong'ona hewani wakati wa mahubiri.

Penye ukalimani masharti yanazidi kuwa mazito. Kwenye kesi za Nuremberg, zilizofunguliwa tarehe 20 Novemba 1945, kila kiti kilikuwa na kiteuzi cha njia tano: sauti ya asili, Kiingereza, Kirusi, Kifaransa na Kijerumani. Taa ya njano ilimwambia mzungumzaji apunguze mwendo, nyekundu ilimwambia asimame. Taa mbili tu, na kesi nzima ilikwenda kwa kasi iliyowezekana kutafsiriwa.

Arusha ilipokea kazi ya aina hiyo pale Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilipofanyia vikao vyake katika jengo la mikutano ya kimataifa la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kiingereza na Kifaransa ndizo zilizokuwa lugha za kazi, na mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Kanuni za mahakama hiyo ziliruhusu kikao cha faragha ili kumlinda shahidi. Hebu mtu atafakari amri ya jaji ya kufunga kikao inadai nini kwa mitambo: sauti ya asili isifike kwa wasikilizaji wa nje, na wala isifike kwa lugha nyingine yoyote, lakini mawakili, wakalimani na kinasa sauti waendelee kuipata. Anayefunga njia ya sauti ya asili akasahau njia ya Kifaransa amemfichua shahidi kwa Kifaransa. Ndilo kosa la Cannes, ila hapa maisha ya watu yako hatarini. Kwa kazi kama hiyo amri inapaswa kuwa moja, kitufe kimoja kinachofunga matoleo yote ya nje kwa mpigo, na kila lugha mpya ikiongezwa iingie chini ya amri hiyo yenyewe bila kukumbukwa na mtu.

Kiswahili nacho kimeingia kwenye viteuzi hivi. Julai 2004 Joaquim Chissano, akimaliza uenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliuhutubia mkutano wa Addis Ababa kwa Kiswahili, na ikaripotiwa kwamba wakalimani walishikwa bila kujiandaa. Februari 2022 Umoja huo ukakiidhinisha kuwa lugha rasmi ya kazi. Kwa fundi, azimio hilo ni kazi mpya. Mkalimani wa Kifaransa asiyejua Kiswahili hana budi kusikiliza tafsiri ya Kiingereza ya mwenzake, kisha aitafsiri hiyo. Mzungumzaji akirejea Kiingereza, mkalimani huyo anataka kusikia sauti ya asili papo hapo, bila kupapasa vitufe. Sharti lake: IKIWA kibanda cha Kiswahili kinatafsiri kwa Kiingereza, mpe tafsiri hiyo, LA SIVYO mpe sauti ya ukumbini. Linajibadilisha lenyewe, na likipangwa vizuri hakuna mjumbe atakayejua kwamba lipo.

Limebaki suala la umeme, ambalo kwetu si la kinadharia. Umeme ukikatika na kurudi, kila sharti lazima lianzie mahali. Programu nyingi humwezesha fundi kuchagua hali ya kuanzia, na asiyechagua huchaguliwa. Mfumo unaoamka na maiki zote wazi utaamka hivyo hata katikati ya kikao cha faragha. Busara ni kuamka kimya, isipokuwa maiki ya mwenyekiti. Vivyo hivyo kwa waya. Waya wa kitufe cha maiki ukiliwa na panya, maiki ifungwe. Waya wa king'ora cha moto ukikatika, muziki uzime na mfumo ujue kuna hitilafu, kwa hiyo swichi ya king'ora inapangwa iwe imefungwa siku zote, na kufunguka kwake ndiko kuwe habari. Matukio yote mawili ni waya kukatika. Maana yake anaipanga binadamu.

Wenye kumbi, basi, makatibu wa halmashauri, kamati za misikiti, wazee wa kanisa na wasimamizi wa mahakama, waandike kwanza kwa Kiswahili cha kawaida nani azungumze lini na nani amkatize nani, kabla fundi hajafungua kompyuta. Siku ya kukabidhiwa wabonyeze vitufe viwili kwa mpigo, wazime umeme na kuuwasha, wachomoe waya mmoja, na watazame taa zinasema nini. Kisha wadai nakala ya faili la mpangilio pamoja na nywila yake, viwekwe ofisini. Fundi akihama mji navyo, ukumbi utakuwa unaendeshwa kwa kanuni ambazo hakuna aliyebaki anayeweza kuzisoma wala kuzibadilisha.